Lev Yashin: Kipa aliyefundwa na karakana kabla ya uwanja

MPAKA leo ni kipa mmoja tu aliyewahi kubeba Ballon d'Or. Sio Buffon, sio Casillas, wala sio Neuer. Ni Lev Yashin wa Dynamo Moscow na timu ya taifa ya Muungano wa Kisovieti, aliyeichukua mwaka 1963 akiwa ametimiza miaka 34, umri ambao makipa wengi wa zama zake walishaanza kutafutiwa mrithi.

Mashabiki wengi wanamjua kwa jezi yake nyeusi, kofia yake kichwani na lile jina la Buibui Mweusi. Wanajua pia kwamba tuzo ya kipa bora wa mwaka inayotolewa na jarida la Ufaransa la France Football inaitwa kwa jina lake, na kwamba bango rasmi la Kombe la Dunia 2018 kule Urusi lilikuwa na picha yake akiruka kudaka.

Wasichokijua wengi ni kwamba jamaa huyu nusura asiwe mchezaji kabisa. Akiwa na miaka 18 alishachoka na maisha. Akiwa na miaka 20 alichekwa na wachezaji wenzake. Akiwa na miaka 32 mashabiki wa nchi yake walimvunjia vioo vya nyumba. Na kila mara alisimama tena. Ukitaka kujua alipata wapi moyo huo, usianzie Wembley wala Melbourne. Anzia uani kwao, kwenye mtaa wa wafanyakazi wa viwandani.

MTOTO WA BOGORODSKOYE

Yashin alizaliwa Oktoba 22, 1929, jijini Moscow, eneo la Bogorodskoye. Baba yake, Ivan Petrovich, alikuwa fundi wa kiwandani. Mama yake, Anna Mitrofanovna, naye alikuwa mfanyakazi wa kiwandani. Ilikuwa familia ya kawaida tu, ya watu wanaoamka alfajiri na kurudi jioni wakiwa hoi.

Mama alifariki kwa kifua kikuu wakati Lev akiwa hajaanza hata shule. Baba akabaki na kazi ya kiwandani na mtoto mdogo wa kulea, na kazi yenyewe ilikuwa haina muda. Lev akawa mtoto wa uani. Alishinda nje na wenzake toka asubuhi mpaka giza linaingia, na michezo yenyewe haikuwa ya kitoto sana. Wakati wa baridi theluji ikishakuwa nene, vijana wale walipanda juu ya mapaa ya mabanda ya uani wakateleza na skii kushuka mpaka chini. Ukikosea umeanguka, na ukianguka hakuna wa kukubembeleza. Unajipangusa, unapanda tena.

Hapo ndipo alipoanza kujifunza kuanguka. Kwa kipa, hilo ni somo la kwanza. Mtu anayeogopa ardhi hawezi kudaka.

Baba alipoona mwanawe anakua kama mti wa porini, alioa tena ili nyumba ipate mama. Mama wa kambo, Alexandra Petrovna, alimlea Lev vizuri, na nyumba ikarudi kuwa na mpangilio. Hizi hadithi za mama wa kambo mkatili hazikuwepo kwao.

Mpira nao ulichezwa palepale uani. Hakukuwa na nyasi wala nyavu, na mipira ilikuwa ya kuungaunga, kama ile ya makaratasi na matambara ambayo kila mtoto wa Tandale au Majengo anaijua. Na kwa taarifa yako, Lev hakuwa kipa. Alitaka kuwa straika. Alipenda kufunga, kama watoto wote.

VITA VINAINGIA NYUMBANI

Juni 22, 1941, majeshi ya Ujerumani yaliivamia Urusi. Mpaka Oktoba yalikuwa yanakaribia Moscow, na serikali ikaamua viwanda muhimu vihamishwe kwenda mashariki, mbali na mabomu. Kiwanda cha mzee Yashin kilikuwa kinatengeneza vifaa vya jeshi, kwa hiyo nacho kikahamishwa. Mashine zilifungwa, zikapakiwa kwenye treni, na mafundi wakapanda na familia zao. Safari iliishia mkoa wa Ulyanovsk, upande wa mto Volga.

Lev alikuwa na miaka 12 tu. Kule hawakukuta kiwanda kinachowasubiri. Mashine zilitakiwa kushushwa na kufungwa katika baridi kali, kwa sababu vitani kulihitajika vifaa leo, sio mwezi ujao. Watu wazima walifanya kazi mpaka usiku, na watoto walisaidia walichoweza.

Kisha wanaume wakaanza kwenda vitani mmoja baada ya mwingine, na nafasi zao kwenye mashine zikabaki wazi. Mwaka 1943, Lev akiwa hajafikisha miaka 14, alimaliza darasa la tano na hakurudi tena shule ya mchana. Aliingia karakana, akawa mwanagenzi wa ufundi wa vyuma, akifanya kazi kiwanda kimoja na baba yake.

Umri huo leo mtoto anaamshwa kwenda shule na bado ananuna. Lev aliamka kwenda kutengeneza vifaa vya vita. Ukichelewa, kuna askari mahali fulani atakosa kifaa. Ukiharibu chuma, umepoteza kitu ambacho nchi haina cha ziada. Alijifunza mapema sana kwamba kosa lako halikuumizi wewe peke yako, na kwamba ukishalifanya huna muda wa kulilia, kwani chuma kingine kipo mezani kinasubiri.

Huko ndiko alikojifunza pia kuvuta sigara. Zamu ya usiku ilikuwa ndefu, njaa ipo, usingizi upo, na kijana akawaiga wakubwa ili asisinzie juu ya mashine. Tabia hiyo hakuiacha maisha yake yote, na ilikuja kumdai. Sio kila anachofundishwa mtoto na maisha magumu ni kizuri.

SAFARI YA ALFAJIRI

Mwaka 1944 familia ilirudi Moscow. Kiwanda sasa kilikuwa Tushino, kaskazini-magharibi mwa jiji, wakati nyumbani kwao kulikuwa upande wa kaskazini-mashariki. Yaani kijana alilivuka jiji zima kila siku, anaondoka kukiwa bado giza na kurudi usiku.

Vita vilipokwisha mwaka 1945, Lev alikuwa na miaka 15 na alishakuwa fundi anayeaminika. Alipewa medali ya serikali ya kazi ya uaminifu wakati wa vita. Nishani yake ya kwanza maishani haikutokana na mpira. Aliipata kwa kuwahi kazini.

Baada ya kazi kulikuwa na timu ya kiwanda. Lev alifika pale akijiona mfungaji, kocha akamtazama urefu wake na mikono yake, akamwambia aende golini. Hakufurahi. Lakini pale kiwandani alishazoea kwamba mtu hupangiwa mashine na fundi mkuu, hachagui mwenyewe, na akishapangiwa anaisimamia. Akasimama golini.

Kuna vijana wangapi huku kwetu wameacha mpira kwa sababu kocha kawahamisha namba? Straika akirudishwa beki, siku ya pili hatokei mazoezini. Yashin angefanya hivyo, dunia isingemjua.

ALIPOVUNJIKA

Hapa ndipo panapotakiwa kusomwa taratibu, maana simulizi za mashujaa huwa zinaparuka.

Akiwa na miaka 18, Yashin alichoka. Sio uchovu wa mwili ule wa kulala ukaamka. Miaka mitano ya karakana, zamu za usiku, safari ndefu na utoto ambao haukupata nafasi vilimrudia kwa pamoja. Akawa hana hamu ya kitu chochote, kila kitu kinamkera, kazini na nyumbani. Mwisho aliacha kwenda kiwandani, akaondoka na nyumbani.

Katika Urusi ya Stalin hilo halikuwa jambo dogo. Kutoroka kazi kulikuwa kosa la kisheria, mtu anaweza kushtakiwa. Kijana mwenye medali ya kazi alikuwa sasa hatua chache kutoka kwenye matatizo makubwa, na hakuwa na maelezo ya kutoa, kwa sababu hata yeye hakuelewa ana nini. Zama hizo hakukuwa na mtu wa kumweleza kwamba akili nayo huchoka kama goti.

Kilichomuokoa ni ushauri mzuri. Alishauriwa aombe kwenda jeshini kwa hiari kabla hajaitwa. Akakubali. Alipelekwa kwenye kikosi cha wizara ya mambo ya ndani, palepale Moscow, na huko akapata ratiba mpya, wenzake wapya, na muda wa kucheza mpira. Taratibu nafsi ikarudi.

Dynamo ilikuwa klabu ya vyombo vya usalama, kama zilivyo timu za polisi na za majeshi huku kwetu. Mwaka 1949 kocha wa Dynamo, Arkady Chernyshev, alimwona kipa mrefu, mwembamba, anayedaka kwenye mechi za vijana wa jeshini. Akamchukua timu ya vijana. Hivyo ndivyo mlango ulivyofunguka, kwa kijana ambaye mwaka mmoja nyuma alikuwa hajui aende wapi.

KICHEKO CHA GAGRA

Masika ya 1950 Dynamo ilikuwa Gagra, pwani ya Bahari Nyeusi, kwa maandalizi ya msimu. Yashin akapewa mechi ya kirafiki dhidi ya Traktor ya Stalingrad. Kipa wa Traktor akapiga mpira mrefu, upepo ukausukuma, Yashin akatoka kuufuata. Wakati macho yapo juu akagongana na beki wake mwenyewe, wote chini, mpira ukadunda na kuingia wavuni. Kipa kafungwa na kipa!

Wachezaji wakubwa wa Dynamo walicheka mpaka basi. Kwa kijana wa miaka 20, kicheko kama hicho kinaweza kukata miguu.

Julai mwaka huohuo kipa namba moja, Alexei Khomich, aliumia kwenye mechi ya ligi dhidi ya Spartak. Yashin akaingia, Dynamo ikiongoza 1-0, zimebaki dakika chache. Akatoka kufuata krosi, akagongana tena na mtu wake, Spartak wakasawazisha. Haikupita muda akapewa mechi nyingine, dhidi ya Dynamo Tbilisi. Timu ikawa inaongoza 4-1, ghafla ikawa 4-4. Bahati nzuri wenzake walipata bao la tano. Lakini uamuzi ulishafanyika. Yashin akarudishwa timu ya akiba, na hakuonekana kwenye ligi kwa karibu miaka mitatu.

Miaka mitatu! Kwa kipa wa leo hiyo ni mikopo miwili na wakala watatu.

Yeye alifanya alichofanya kiwandani. Kila siku aliwahi mazoezini na kuchelewa kutoka. Alimwangalia Khomich, kipa aliyewashangaza Waingereza Dynamo ilipozuru Uingereza mwaka 1945, akachukua kila alichoweza kuchukua. Na kwa kuwa Chernyshev alifundisha pia mpira wa magongo wa barafuni, Yashin akavaa magwanda ya kipa wa huko. Kile kisahani kidogo kinachokimbia kama risasi kilimnoa macho na mikono. Machi 1953 akabeba Kombe la nchi la mpira wa magongo akiwa kipa wa Dynamo. Mwaka huohuo akarudi kwenye timu kubwa ya soka, Dynamo ikatwaa Kombe la nchi na huko pia. Safari hii hakutoka tena golini mpaka alipostaafu.

KARAKANA NDANI YA KUMI NA NANE

Ukimwangalia Yashin alivyocheza, unaiona ile karakana. Makipa wa zama zake wengi walisubiri mstarini mpira uwafikie. Yeye alitoka, akapangua krosi kwa ngumi, akawahi mipira nyuma ya mabeki, akaurusha haraka kwa mkono kuanzisha shambulizi. Aliwapangia mabeki wake kwa sauti muda wote, mpaka inaelezwa mkewe Valentina alimlalamikia kwa kupiga kelele sana uwanjani. Kumbuka aibu zake zote za 1950 zilitokana na kugongana na wenzake. Dawa aliyoipata haikuwa kujificha mstarini. Aliendelea kutoka, ila sasa kila mtu alimsikia anakuja.

Matunda yakaja. Dhahabu ya Olimpiki Melbourne 1956. Ubingwa wa Ulaya 1960 jijini Paris, Yugoslavia ikilala 2-1 katika muda wa nyongeza. Ubingwa wa ligi mara 5 akiwa na Dynamo, klabu pekee aliyoichezea. Kwa penalti, hesabu inayotajwa mara nyingi ni kwamba alipangua zaidi ya 150.

CHILE 1962: MAWE DIRISHANI

Kisha ikaja Chile. Kwenye Kombe la Dunia 1962, Muungano wa Kisovieti uliongoza 4-1 dhidi ya Colombia, mechi ikaisha 4-4, moja ya mabao likiwa kona iliyoingia moja kwa moja. Robo fainali ikafungwa 2-1 na wenyeji, mabao yote mawili yakiwa mashuti ya mbali.

Nyumbani watu hawakuwa wameona mechi kwenye televisheni. Walisoma magazetini kwamba Yashin ndiye kaiangusha timu, wakaamini. Aliporudi alizomewa kila alipogusa mpira kwenye uwanja wake mwenyewe. Vioo vya nyumba yake vilivunjwa. Mtu aliyeipa nchi dhahabu ya Olimpiki na Kombe la Ulaya akawa hana thamani kwa sababu ya mashuti mawili.

Alifikiria kustaafu. Akakaa pembeni kwa muda, akaenda kuvua samaki, kitu alichokipenda sana. Lakini tayari alishawahi kuvunjika akiwa na miaka 18, na alishajua jambo moja ambalo wengi hujifunza wakiwa wamechelewa: kupumzika sio kukimbia. Mara ya kwanza aliondoka bila kumuaga mtu, nusura apotee. Safari hii alipumzika, akarudi.

Msimu wa 1963 aliruhusu mabao 6 tu katika mechi 27 za ligi, Dynamo ikawa bingwa. Oktoba 23, siku moja baada ya kutimiza miaka 34, alisimama Wembley akiwa kipa wa timu ya nyota wa dunia dhidi ya Uingereza, kuadhimisha miaka 100 ya chama cha soka cha nchi hiyo. Alidaka kipindi cha kwanza, hakufungwa. Mwisho wa mwaka akapewa Ballon d'Or, akimwacha nyuma kijana wa Kiitalia Gianni Rivera. Wale waliomzomea wakaanza kumpigia makofi, na hakuna ushahidi kwamba aliwahi kuwadai samahani.

MKONO WA EUSÉBIO

Mwaka 1966 aliipeleka nchi yake nusu fainali ya Kombe la Dunia. Kwenye mechi ya mshindi wa tatu, Eusébio, yule mtoto wa Msumbiji aliyeichezea Ureno, alimfunga kwa penalti, kisha akamfuata kumpa pole. Mmoja alitoka mitaa ya vumbi ya Lourenço Marques, ambayo leo ni Maputo, mwingine kwenye karakana ya Moscow. Walielewana, na urafiki wao ukadumu.

Mei 27, 1971, Eusébio alikuwepo pia kwenye mechi ya kumuaga Yashin uwanja wa Lenin, Moscow, pamoja na kina Bobby Charlton na Gerd Müller. Watu zaidi ya 100,000 walijaa. Mechi iliisha 2-2, na Yashin alipotoka lango lilikuwa bado halijaguswa.

Miaka ya mwisho haikuwa rahisi. Alikatwa mguu kwa tatizo la mishipa ya damu, na sigara zile za toka zamu za usiku hazikumsaidia. Alifariki Machi 20, 1990, akiwa na miaka 60, kwa saratani ya tumbo.

KWA KIPA WA MTAANI KWAKO

Makipa wanalia peke yao. Straika akikosa mabao matano akafunga la sita, anabebwa. Kipa akiokoa kumi akafungwa moja la kizembe, mtandaoni hapakaliki, na Jumatatu wanaanza kuuliza kapewa shilingi ngapi. Kuna makipa wachanga kwenye ligi za hapa nchini waliozimika hivyohivyo, na hakuna aliyewatafuta kujua wapo wapi.

Yashin alifungwa na kipa mwenzake kwenye mechi ya mwanzo kabisa. Kama Chernyshev angesikiliza kicheko cha siku ile, kijana angerudi Tushino kwenye mashine yake, na leo tungekuwa tunasema hakuna kipa aliyewahi kuchukua Ballon d'Or. Uvumilivu wa kuamka alfajiri aliupata utotoni. Lakini miaka ile mitatu ya kusubiri ilihitaji pia watu wasiomtupa.

Jumamosi hii kuna kipa mahali fulani atatema mpira mwepesi. Kabla hujaokota jiwe, kumbuka vioo vya Moscow, na ni nani aliyekuja kuona aibu mwaka mmoja baadaye.